Dirisha la kupangia kazi za kujirudia kwenye Linux: cron au taimeri za systemd, Tkinter au Qt?

Kila ofisi yenye kompyuta ina kazi ambazo hakuna anayetaka kuzibeba kichwani: kunakili hifadhidata ya mauzo kila usiku, kufuta mafaili ya muda kila Jumapili, kutuma ripoti kila tarehe mosi. Kwenye Linux kazi hizi hupangwa kwa mstari mfupi wa tarakimu na nyota, na mara nyingi anayeweza kuusoma ni yule fundi tu aliyefunga seva. Akihama, mhasibu anabaki hajui kama nakala ya jana usiku ilichukuliwa. Kumtengenezea mhasibu huyo dirisha ni kazi ya maana: azione kazi zilizopangwa, abadilishe saa mwenyewe, na ajue nini kilitokea.

Mwenye kulitengeneza ana maamuzi mawili makubwa. La kwanza ni nani ataiamsha kazi saa ikifika. La pili ni dirisha lichorwe kwa zana zipi. Wengi huanza na la pili kwa kuwa ndilo linaloonekana kwa macho. Nashauri uanze na la kwanza. Dirisha lenye kasoro utalirekebisha wiki ijayo. Kazi isiyoamka usiku hutaigundua mpaka siku unayoihitaji ile nakala. Kwa ofisi ya kawaida mimi nachagua taimeri za systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) kwa chini na PySide6 (zana za Qt za kuchorea madirisha kwa Python) kwa juu. Sababu zinafuata, pamoja na mahali ambapo ningechagua kingine.

Nani anaiamsha kazi

Mwandishi wa Python hujiwa kwanza na wazo la kuweka ratiba ndani ya programu yake yenyewe, kwa maktaba kama APScheduler au schedule. Msimbo wake ni mfupi na unasomeka vizuri. Tatizo ni kwamba mtumiaji akifunga dirisha, ratiba nayo inakufa. Utalazimika kuitoa sehemu ya ratiba iwe programu ya peke yake inayoendelea chinichini, iwashwe kompyuta inapowaka, ifufuliwe ikianguka, iandike matukio yake mahali. Ukimaliza yote hayo utakuwa umeandika upya kitu ambacho mfumo endeshi unacho tayari. APScheduler ina mahali pake: mfumo wa wavuti ambao wateja wenyewe wanajipangia vikumbusho, na ratiba zao zinakaa kwenye hifadhidata ya mfumo huo. Kwa nakala za usiku, waachie wenye kazi hiyo.

Wenye kazi hiyo ni wawili. Cron, programu inayoamsha kazi kwa saa zilizopangwa, ni ya tangu enzi za Unix ya miaka ya 1970, na ile inayotumika zaidi leo inatokana na programu aliyoiandika Paul Vixie mwaka 1987. Systemd ilianza mwaka 2010, na taimeri ni sehemu yake mojawapo.

Sifa kubwa ya cron ni kwamba ipo karibu kila mahali: Debian, Fedora, Alpine, FreeBSD. Kazi zote za mtumiaji ziko kwenye faili moja. Dirisha lako linaisoma kwa `crontab -l` na kuiandika upya kwa kuipitisha kwenye `crontab -`. Usiyaguse moja kwa moja mafaili yaliyoko chini ya /var/spool/cron, kwa sababu mahali pake na ruhusa zake zinatofautiana kati ya usambazaji mmoja na mwingine. Kumbuka pia kwamba unapoandika unaibadilisha faili nzima. Fundi aliyetangulia anaweza kuwa ameacha maelezo, vigezo kama MAILTO (anwani ya kutumiwa matokeo), na mistari yake mwenyewe. Dirisha linapaswa kuirudisha yote kama lilivyoikuta, na kuitia alama mistari yake tu.

Ugumu wa cron uko kwenye maana ya ile mistari, na hapa ndipo madirisha mengi yanapompotosha mtumiaji. Mstari una sehemu tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Ukimwekea mtu orodha ya tarehe na orodha ya siku, akachagua 1 na Jumatatu, ataamini ameomba tarehe mosi inayoangukia Jumatatu. Lakini `0 8 1 * 1` kwa cron maana yake ni kila tarehe mosi na pia kila Jumatatu. Sehemu hizo mbili zikijazwa zote, inatosha moja itimie. Dirisha la cron limlazimishe mtumiaji kuchagua moja tu kati ya tarehe na siku ya wiki.

Taimeri za systemd zinafanya kinyume, na ndivyo mtu wa kawaida anavyotegemea: siku na tarehe lazima zitimie pamoja. `OnCalendar=Mon *-*-01..07 08:00:00` ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Ratiba ya namna hiyo, ambayo vikundi vya kuweka akiba na kamati za shule wanaitumia sana kwa mikutano na ripoti zao, cron haiwezi kuieleza bila kuongeza jaribio ndani ya amri yenyewe.

Kuna na suala la vipindi. Mtu akiandika "kila dakika 45" na dirisha likatafsiri kuwa `*/45`, kazi itaamka dakika ya 0 na ya 45 ya kila saa, yaani pengo la dakika 45 likifuatwa na la dakika 15. Kwenye cron mpe mtumiaji namba zinazogawanya 60 bila kubakiza: 5, 10, 12, 15, 20, 30. Kwenye systemd unaweza kumpa dakika 45 za kweli kwa `OnUnitActiveSec=45min`, ukiongeza `OnBootSec` ili hesabu ianze kompyuta inapowaka.

Kinachoniamulia zaidi, hata hivyo, ni umeme. Seva ya ofisi ndogo mara nyingi ni kompyuta ya mezani iliyoko chini ya meza ya mtu, na usiku inazimwa, au umeme unakatika na UPS haifiki asubuhi. Cron ya kawaida haikumbuki zamu iliyopita. Kompyuta ikiwa imezimwa saa nane usiku, kazi ya saa nane haikuwepo, na hakuna atakayeambiwa. Anacron inasaidia, ila kipimo chake kidogo kabisa ni siku, na ina faili lake la peke yake ambalo dirisha lako litalazimika kulijua pia. Kwenye taimeri ya systemd unaongeza mstari mmoja, `Persistent=true`. Systemd inaandika kwenye diski mara ya mwisho kazi ilipoamshwa. Mashine ikiwaka na kukuta zamu imepita, inaiendesha mara moja, hata kama zamu zilizopita ni tano. Ongeza `RandomizedDelaySec` ili kazi zote zilizolala zisiamke kwa pamoja umeme unaporudi.

Tofauti nyingine ni kujua kilichotokea. Cron hutuma matokeo kwa barua pepe ya ndani ya mashine. Kwenye Debian au Ubuntu isiyo na programu ya barua, matokeo hayo yanatupwa, na kinachobaki ni mstari mmoja kwenye kumbukumbu za mfumo unaosema yametupwa. Ukijenga juu ya cron lazima uifunge kila amri ndani ya skripti yako inayoandika muda wa kuanza, muda wa kumaliza, na namba ya kutokea (0 ni mafanikio, nyingine ni hitilafu). Ongeza na `flock -n`, inayozuia kazi isianze mara mbili, maana cron itaanzisha nakala ya pili hata kama ya kwanza haijamaliza. Systemd inakupa hayo bila jasho: `systemctl --user list-timers` kwa zamu zijazo, `journalctl --user -u` kwa maneno yote ambayo kazi ilitoa, na kazi ambayo bado inaendelea haianzishwi mara ya pili. Kwa kupitia D-Bus, njia ambayo programu za Linux huzungumza zenyewe kwa zenyewe, dirisha lako linaweza kusubiri taarifa ya mabadiliko badala ya kuuliza kila baada ya sekunde chache.

Watu huilaumu systemd kwa maneno mengi: mafaili mawili kwa kazi moja, `.service` la kueleza amri na `.timer` la kueleza saa. Ni lawama ya haki kwa anayeandika kwa mkono. Kwako wewe unayetengeneza dirisha haina uzito, kwa sababu dirisha ndilo litakaloandika. Faili mbili fupi kwa kila kazi ni salama kuliko faili moja inayochangiwa na kila mtu. Ukikosea moja, nyingine hazijaguswa.

Mitego yake ipo pia. Ukishaandika mafaili ndani ya `~/.config/systemd/user/`, lazima uite `daemon-reload` ili systemd iyasome upya, kisha uwashe ile taimeri yenyewe, si huduma yake. Taimeri za mtumiaji hufanya kazi akiwa ameingia tu, mpaka uwe umetoa ruhusa kwa `loginctl enable-linger`. Dirisha liikague hali hiyo na kumwambia mtumiaji waziwazi. Amri kwenye `ExecStart` haipiti kwenye sheli, kwa hiyo mabomba (`|`) na alama ya `>` havitafanya kazi. Weka amri ndani ya skripti. Na alama ya asilimia ina maana maalumu kote kuwili: kwenye cron andika `\%`, kwenye systemd andika `%%`. Mhasibu hapaswi kujua hilo milele. Msimbo wako ulishughulikie kimyakimya.

Saa ya nani?

Hili ni suala ambalo zana zilizoandikwa kwingine haziligusi, na kwa watumiaji wetu ndilo linaloleta makosa mengi kuliko nyota zote za cron.

Mwenye duka la dawa akisema nakala ichukuliwe saa mbili usiku, anamaanisha 20:00. Akikuta kisanduku cha saa kimeandikwa 02:00, ataona ni sawa na atakubali. Usimwondolee saa za tarakimu 24, kwa kuwa ndizo mfumo unazozijua. Andika pembeni yake, hapohapo anapobadilisha, "saa mbili usiku" au "saa nane usiku". Hesabu yake ni ndogo: ongeza 6 kwenye saa ya tarakimu 24, chukua baki baada ya kugawa kwa 12, na ukipata sifuri andika kumi na mbili. Saa 20 inakuwa 26, baki 2. Neno la alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku linatokana na saa yenyewe.

Siku inahitaji uangalifu zaidi. Mtumiaji akichagua Jumapili na 02:00, mfumo utaamka usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Yeye huenda alifikiria ule usiku unaofuata Jumapili yenyewe, duka likiwa limefungwa. Kwa saa zote kati ya 00:00 na 05:59, dirisha liandike "usiku wa kuamkia Jumapili". Maneno hayo manne yanaondoa utata wote.

Kisha kuna seva za kukodi zilizoko nje, ambazo kwa kawaida saa zake ni UTC, saa ya kimataifa. Saa 02:00 ya UTC ni 05:00 kwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na Lubumbashi ni 04:00. Kwenye systemd unataja ukanda ndani ya ratiba: `*-*-* 02:00:00 Africa/Nairobi`. Cron ya familia ya Red Hat ina `CRON_TZ`. Ile ya Debian inafuata saa ya mashine peke yake, na dirisha litalazimika kukokotoa lenyewe. Afrika Mashariki hatusogezi saa, kwa hiyo hesabu hiyo haibadiliki mwaka mzima. Msomaji aliyeko London au Toronto ana usiku mmoja kila mwaka ambao saa fulani haipo kabisa, na mwingine ambao inajirudia. Asipange kitu muhimu kati ya saa 01:00 na 03:00.

Dirisha lenyewe

Tkinter inakuja na Python, ingawa kwenye Debian na Ubuntu unaweka pia `python3-tk`. Ni nyepesi, inakimbia kwenye mashine kongwe, na `ttk.Treeview` inatosha kuonyesha orodha ya kazi. Inapokwama ni kwenye vitu ambavyo programu hii inavihitaji hasa: haina kisanduku cha kuchagulia saa, haina kalenda, haina alama ndogo ya kukaa kwenye upau. Na ukiita amri inayochukua muda bila kuipeleka kwenye uzi mwingine, dirisha linaganda mkononi mwa mtumiaji.

Qt ni nzito zaidi, lakini vitu hivyo vyote vimo: `QTimeEdit`, `QCalendarWidget`, `QSystemTrayIcon`, `QProcess` inayoendesha amri bila kugandisha dirisha, moduli ya D-Bus, na mfumo kamili wa tafsiri utakaokuruhusu kuanza na Kiswahili na kuongeza Kifaransa kwa wenzetu wa Bujumbura na Goma bila kugusa msimbo. Kwa Python kuna milango miwili. PyQt6 iko chini ya leseni ya GPL, inayokutaka umpe mteja msimbo, au ya kununua. PySide6 inatolewa pia kwa LGPL, na kwa anayetaka kuwauzia wateja programu bila kuwapa msimbo hiyo ndiyo njia rahisi. Angalia ukubwa: PySide6 nzima ni mamia ya megabaiti. Kwa mtu anayepakua kwa bando, weka `PySide6-Essentials` peke yake, au mpelekee kwenye flashi.

GTK 4, zana nyingine ya kuchorea madirisha, ni nzuri ikiwa kila mashine ya mteja inatumia mazingira ya GNOME. Itafanana na programu nyingine za hapo, na njia yake ya kuzungumza na D-Bus kupitia Gio ni safi kuliko ya Qt ukiwa kwenye Python. Haina kisanduku cha saa, utakiunda kwa visanduku viwili vya namba, na alama ya kwenye upau usahau.

Electron inabeba kivinjari kizima cha Chromium kwa ajili ya orodha ya kazi kumi. Sioni sababu.

Ukurasa wa wavuti ni chaguo la kweli kwa seva isiyo na skrini, hasa kama bosi anataka kutazama kwa simu. Lakini elewa unachokifungua. Ukurasa unaoweza kupanga amri yoyote ni sawa na kumpa anayeufikia terminali ya mashine hiyo. Ufungie kwenye 127.0.0.1 na uufikie kwa njia ya SSH, yaani `ssh -L`. Hata hapo weka tokeni ya siri kwenye kila fomu, kwa sababu tovuti nyingine iliyofunguliwa kwenye kivinjari hichohicho inaweza kujaribu kutuma fomu kwa ukurasa wako. Kama unachohitaji ni kuona na kuhariri crontab tu, Webmin ina sehemu hiyo tayari, na kwa kompyuta yenye KDE kuna KCron ndani ya mipangilio ya mfumo. Zijaribu kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Kama ofisi nzima iko kwenye Windows, hayo yote ya juu yaache. Kipanga kazi chake kimekuwa imara tangu Windows Vista na kina dirisha lake. Unachoweza kuongeza ni dirisha jepesi la Kiswahili linaloita `schtasks`. Kagua tu mambo mawili ambayo kwa kawaida yamewekwa kinyume na unavyotaka: kuendesha zamu iliyokosa, ambako hakujawashwa, na sharti la kwamba laptopu iwe kwenye umeme, ambalo limewashwa.

Kuonyesha ukweli

Zana yoyote uchague, safu muhimu kwenye orodha yako ni ile ya matokeo ya mara ya mwisho. Kazi ikiwa imefeli, mstari wake uonekane kwanza, na kubofya mara moja kulete maneno ya hitilafu. Usitegemee namba ya kutokea peke yake. Skripti yenye `pg_dump duka | gzip > nakala.gz`, yaani nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL inayobanwa, inatoa 0 hata kama `pg_dump` imekataliwa na hifadhidata, kwa kuwa sheli inasoma jibu la amri ya mwisho kwenye bomba, na gzip imefanya kazi yake vizuri: imebana utupu. Weka `set -o pipefail` kwenye skripti ya bash, na kwenye dirisha ongeza kisanduku cha hiari: faili linalotarajiwa, na ukubwa wa chini unaokubalika. Nakala ya baiti 20 ionekane kwa rangi nyekundu.

Usiliendeshe dirisha kama root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote. Kazi nyingi za ofisi zinatosha kwa akaunti ya mtumiaji. Zile chache za mfumo mzima zipitie programu ndogo ya pembeni inayoomba ruhusa kwa polkit, mfumo wa Linux wa kutoa ruhusa za msimamizi.

Ningebadilisha uamuzi wangu kwenye hali tatu. Mashine za Alpine au FreeBSD hazina systemd, kwa hiyo ni cron na ile skripti ya kufungia. Maabara ya shule yenye kompyuta za gigabaiti mbili za RAM itafurahia Tkinter. Seva ya kukodi isiyo na skrini ichukue ukurasa wa wavuti ulio nyuma ya SSH.

Kwa wengine wote, andika kwanza dirisha la kusoma tu: taimeri zilizopo, zamu tano zijazo ambazo `systemd-analyze calendar --iterations=5` itakupa, na matokeo ya mwisho. Mpe mhasibu alitumie hivyo, halafu msikilize anavyozisoma zile saa kwa sauti. Akisema saa tofauti na ile uliyoikusudia, bado si wakati wa kuweka kitufe cha kuhifadhi.